Meseji ya Khaled

Jumatatu, 9 Septemba 2024

Orodha ya waliopata buruse haijatoka. Siku ya ishirini na sita ya kungoja. Mume wangu Mohamadi ameniuliza asubuhi kama imetoka. Nikamwuliza kama ameniona nikitoka nje. Akanywa chai yangu.

Mafuta hakuna mjini. Magari hayatembei, na yasiyotembea hayaharibiki — basi fundi wangu yuko nyumbani tangu alfajiri. Miaka ishirini ya ndoa hapa Buyenzi sijawahi kuwa na mwanamume sebuleni saa nne asubuhi. Anakaa mlangoni kabisa, miguu ameinyoosha, kila anayepita lazima airuke. Leo nimeiruka mara tisa. Mara ya kumi nimeikanyaga.

Naandika nyuma ya daftari la kemia la Sijaona. Binti yangu halihitaji tena. Akipata buruse ya Aljeria atasomeshwa famasia bure huko, watampa madaftari mapya. Asipopata — sitaki kuandika.

Jumatano, 11 Septemba

Wifi Assia amekuja tena. Tangu tupeleke fomu anakuja kila siku, eti kunijulia hali. Miaka yote hiyo hali yangu ilikuwa wapi? Ameketi, akauliza: bado? Nikasema bado. Akasema afadhali, maana msichana akienda ng'ambo kusoma anarudi na miaka thelathini, na nani atamwoa. Nikamwambia yeye hakusoma hata kidogo na mumewe alimkimbia yeye akiwa na miaka ishirini na mbili.

Ameacha chai nusu kikombe. Nimefurahi mpaka adhuhuri. Baadaye nikaona aibu. Baadaye tena nikafurahi.

Ijumaa, 13 Septemba

Simu imelia meseji wakati Sijaona anaepua maharage. Wote watatu tumeirukia. Kumbe ni kampuni ya simu, wanataka kutuuzia nyimbo! Sufuria imeanguka, maharage yote chini. Nimemwita mjinga. Mtoto aliyepata asilimia sabini na nne kwenye mtihani wa Leta, ule wa kumaliza sekondari, nimemwita mjinga kwa ajili ya maharage. Hakulia. Alichukua ufagio. Baba yake akachuchumaa akamsaidia kuokota, moja moja, na wakawa wanacheka chini kwa chini. Wananicheka mimi, najua.

Jumamosi, 14 Septemba

Umeme hakuna. Orodha hakuna. Mohamadi yupo.

Jumapili, 15 Septemba

Maulidi. Mgeni mmoja, mama wa mtaa wa Bwiza, amemwuliza binti yangu jina. Akasema Sijaona. Yule mama akacheka: hujaona nini, mwanangu? Kila mtu anafikiri ni wa kwanza kuuliza hivyo.

Niandike hapa, maana mdomoni haitoki. Siku aliyozaliwa, mama mkwe wangu alikuwa amembeba. Jirani akasimama mlangoni akauliza: umeshamwona mjukuu? Akajibu: "Sijaona." Amembeba mikononi! Alitaka mvulana. Wanawake wakacheka, Mohamadi naye akacheka, na jina likabaki hilohilo. Nilikuwa nimelala pale, sina nguvu ya kurusha hata kijiko. Mama mkwe amefariki, Mungu amrehemu. Nasema hivyo kwa sababu inabidi.

Kwa hiyo nataka jina hilo libandikwe ukutani, mjini, lisomwe na watu. Nalitaka kuliko yeye mwenyewe anavyolitaka. Nikiandika hivi naogopa kidogo.

Jumanne, 17 Septemba

Nimepata njia. Khaled, mtoto wa binamu yake Mohamadi, anafanya usafi kwenye ofisi ya buruse. Wanasema orodha itabandikwa ukutani ndani, wiki hii. Nimempigia. Ataisoma mara tu ikibandikwa. Nimemwambia asipige, aandike tu, moyo wangu hauwezi kusikia habari kwa sauti. Mohamadi akapaza sauti kutoka mlangoni: mwambie aandike kifupi, tusisumbuliwe na hadithi.

Jioni baba na binti wamekaa nje. Anamsomea namba zilizoandikwa kwenye vipuri, kwa sababu macho ya Mohamadi hayaoni tena maandishi madogo na miwani hataki. Wanasoma namba wanacheka. Namba zina kichekesho gani? Nilipotoka, wakanyamaza.

Alhamisi, 19 Septemba

Saa kumi na moja na dakika kumi. Meseji ya Khaled. Naiandika ilivyo, sijaongeza neno:

Liste imetoka. Nimesoma yote mara mbili. Sijaona.

Sijaona alikuwa amekwenda kununua sukari. Tulikuwa wawili tu. Nilimsomea Mohamadi kwa sauti, vichwa vimegusana juu ya simu. Nikasema Alhamdulillahi. Na yeye, palepale, Alhamdulillahi. Akanishika mkono. Machozi yakanitoka. Nikasema kesho naenda sokoni kumtafutia sanduku.

Akauliza sanduku la nini.

Tulitazamana. Mimi nilisikia jina la mtoto. Yeye alisikia kwamba Khaled ametafuta na hakuona kitu. Na kwa hilo alimshukuru Mungu!

Nimempigia Khaled mara kumi na nne. Haipatikani. Kwao umeme umekatika tangu jana, simu yake itakuwa imeisha chaji baada ya kutuma. Nimerudi kwenye meseji. Kabla ya neno lile kuna nukta, kwa hiyo herufi kubwa haisemi chochote. Nimeitazama ile S mpaka macho yameuma. Ofisi imefungwa mpaka kesho.

Basi nikafungua mdomo. Nimemwambia yeye ni mtoto wa mama yake kweli, amembeba binti yake miaka kumi na tisa na bado hajamwona. Nimemwambia hata ukosefu wa mafuta ameuombea yeye. Mengine siandiki, daftari ni la mtoto. Alingoja nimalize. Hakupandisha sauti.

"Mama Sija, huyu mutoto akienda, mi nabaki na nani mu hii nyumba?"

"Na mimi."

"We unanisemeshaga lini?"

Nilikuwa na majibu saba, yote matusi. Sikutoa hata moja. Namchukia kwa swali hilo. Namchukia zaidi kwa sababu nilijaribu kukumbuka ni lini, nikashindwa.

Sijaona akaingia na sukari. Akaona simu katikati ya meza, akaichukua, akasoma. Akatutazama, mmoja, halafu mwingine. Akaweka sukari mahali pake akaenda kulala bila kula.

Ijumaa, 20 Septemba

Nje ya ofisi. Tumekuja kwa miguu, Mohamadi mbele, mimi nyuma, Sijaona katikati. Lango limefungwa bado, mlinzi anasema tungoje robo saa. Nimetoa daftari ili nisimtazame mtu. Tumekaa kwenye ukingo wa mtaro, watatu, kama tunauza kitu.

Sijaona ameniuliza sasa hivi. "Mama, jana ulisoma nini mu ile meseji?"

Nimesema: nilisoma jina lako. Nimesema kwa fahari, na kwa kumchoma yule aliyekaa upande wa pili. Ndiyo, kwa kumchoma. Akanishukuru polepole, akageuka.

"Na we, Baba?"

Mohamadi anatazama viatu vyake. Nilingoja jibu hili usiku kucha, nilitaka binti alisikie kutoka mdomoni kwa baba yake mwenyewe. Sasa naona mikono yake yenye grisi isiyotoka, ameificha katikati ya magoti, na natamani mlinzi afungue. Afungue tu!

Amefungua. Mohamadi amesimama haraka kuliko miaka yake, ameuliza liste ya buruse iko upande gani. Mlinzi anaonyesha: ndani, ukuta wa kushoto. Kutoka hapa naiona, karatasi nyeupe nne.

Sijaona hajasimama.

"Apana. Baba anijibu kwanza."

Mlinzi anauliza kama tunaingia au hatuingii.