Njo mimi nilifuta liste

Karuba, 4 mai 2009

Mudogo wangu Katembo,

Nilikukosea. Liste ya majina ya wakimbizi ya paroisse, kanisa letu, hukuifuta wewe. Njo mimi. Unajua ile Linux ya kompyuta yetu: hakuna picha, ni kuandika tu. Niliandika rm, ile neno ya kufuta, nitoe fichier ya zamani, nikakosea jina, liste yote ikaenda. Haikuniuliza kitu. Padri akakasirika, mimi nikamuambia: «Katembo njo alikuwa kwa ordinateur.» Akakufukuza kazi, na mimi nikaacha uende.

Sasa wewe unachimba dhahabu kule Omate, na mimi niko peke yangu mu bureau. Mama anauliza: «Mudogo wako harudi?» Ninamudanganya, ninasema barabara iko mubaya.

Siku ya yenga, ile jumapili ya tarehe kumi, misa ikiisha, nitasimama mbele ya watu wote niseme: «Ni mimi Mbusa nilifuta. Katembo hana kosa.»

Kaka yako,
Mbusa