Majembe Yaliponyamaza

Jumatatu, 3 Machi

Nimefagia uwanja, nimechemsha uji. Yule kuku mwekundu bado hatagi, anakula tu. Sidi binti yangu ameleta piko tena, amemtuma mtu wa bodaboda kutoka kwake Barani, Malindi, mpaka huku Vitengeni. Anataka nizitie nywele weusi. Wazee wenzangu wote wametia. Kanisani unaona nyuso zimekunjamana na juu yake vichwa vyeusi ti, kama wamefunikwa masufuria. Kisa, siku hizi mwenye mvi ni mchawi na mchawi ni wa kukatwa panga.

Piko nimelitupa chooni. Mvi zangu sikumwibia mtu.

Lakini naogopa. Naandika hapa kwa sababu sitaki mtu ajue.

Jumatano, 5 Machi

Nimekutana na Karisa njia ya bwawani. Ni mtoto wa marehemu shemeji yangu, ndugu wa mume wangu. Mamake alipokufa nilimchukua mimi, amekula sima yangu mpaka akaota ndevu. Mwezi uliopita amezika mtoto. Homa. Niliwaambia mpelekeni hospitali, wakampeleka kwanza kwa mganga. Mganga akawaambia mkono uliomla mtoto uko hapo hapo nyumbani kwenu, mkono wa mwanamke mzima, mwenye mvi.

Mwanamke mzima pale ni nani tena kama si mimi.

Leo hakuniamkia. Nikamsalimu mimi, mimi mkubwa. Akatema mate kando, akapita. Tangu mume wangu afe analitaka lile shamba la bondeni, na hilo kila mtu analijua. Sasa amepata na sababu.

Jumamosi, 15 Machi

Niko Barani kwa Sidi. Nilimwambia piko sitaki, nitafutie mahali pa kujifunza kupigana. Alicheka. Aliponiona sicheki akavaa viatu.

Tumezunguka Malindi kutwa. Kwanza karate. Vijana wamevaa nguo nyeupe kama wapishi wa hoteli, wanarusha miguu mpaka usawa wa masikio. Kijana wao mwenye mkanda mweusi akaniita bibi kwa lugha ya kwetu, "Hawe, umri si kitu." Nikamwambia goti langu halijapata habari hiyo. Halafu judo. Huko unafundishwa kuanguka kwanza. Kuanguka najua, nikawaambia, nifundisheni kubaki nimesimama. Halafu ndondi. Jasho na harufu ya soksi. Nimetoka.

Kumbe jirani yake Sidi, msichana mmoja anaitwa Rukia, ni mwalimu wa mambo hayo na kila Jumatano anakwenda kufundisha wazee. Wapi? Vitengeni, nyuma ya kanisa letu. Nimekuja mjini kutafuta kitu kilicho nyuma ya benchi ninalokalia. Na padri ametangaza, anasema Rukia. Labda nilikuwa nasinzia.

Jumatano, 19 Machi

Nimekwenda. Rukia amevaa buibui, ndani suruali. Anatuamkia shikamoo mmoja mmoja, kisha anatufundisha kumvunja mtu pua.

Somo la kwanza si mkono, ni koo. Ukiguswa, piga ukemi, yowe la kuita watu. Mwizi anaogopa watu kuliko anavyoogopa panga, ndivyo alivyosema. Hapo sikumbishia. Huku kwetu ukemi ukipigwa, hata kama umeshika tonge unaliacha. Unakimbilia sauti. Huulizi ni nani, huulizi kuna nini. Asiyetokea anakuja kuulizwa na wazee alikuwa wapi.

Kupiga kelele bure bure nimeona haya. Mzee Katana alipiga mpaka mbuzi wakakimbia. Mimi nikatoa kasauti. Rukia akasema, "Hawe Jumwa, hiyo ni ya kumwita paka." Wakacheka. Nikapiga ya kweli. Wakanyamaza.

Jumatano, 2 Aprili

Kiwiko. Hiki nimekipenda. Ngumi inavunja vidole vyako mwenyewe, teke linataka goti, kiwiko kinataka hasira tu. Mtu akikushika kwa nyuma, unashuka kidogo, unageuza kiuno, unampa cha uso. Rukia anashikilia gunia la mabua, sisi tunalipiga. Anasema nina kiuno kizuri. Nimemwambia kimezaa na kimelima.

Nimempitia Kadzo nimwambie tuje wote. Shamba lake na langu yamepakana. Tuliolewa huku msimu mmoja, tukalia pamoja tulipowakumbuka mama zetu, nikamkata kitovu mwanawe wa kwanza. Mvi anazo kunishinda lakini ametia piko. Akasema, "Jumwa, mwanamke mzima kurusha viwiko. Utasemwa zaidi." Nikamwambia nishasemwa, sasa nataka niweze kujibu. Hakucheka.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Benchi langu lilikuwa tupu. Watu wamebanana kwenye mengine, watoto wamepakatwa, langu limelala wazi. Kadzo alikuja akakaa. Mwisho wa benchi. Mwisho kabisa, nusu ya tako nje.

Nilishukuru hata hivyo. Kule kushukuru kumenichukiza.

Jumatano, 7 Mei

Mvua nzuri. Mahindi yamefika kifuani. Kupalilia mchana, mwili wote unauma, bado nimekwenda kwa Rukia.

Leo ametuuliza tunamwogopa nani. Tufumbe macho tumwone akija. Mmoja akasema wezi. Mwingine akasema vijana wa kukodiwa, wasiojulikana. Hakuna aliyemtaja mtu wa kwake. Wala mimi. Nikalipiga gunia.

Jumatatu, 19 Mei

Barani. Nimetoka hospitali. Mkono wa kushoto umeshonwa, wa kulia ni mzima, kwa hiyo naandika. Niandike niyatoe.

Ilikuwa Alhamisi, asubuhi, jua liko juu. Nilikuwa napalilia bondeni. Ng'ambo ya mpaka Kadzo alikuwa na wakaza wana wake, wake za wanawe, wanapalilia pia. Tulishaamkiana. Siwaoni, mahindi yamekuwa marefu, lakini majembe yao nayasikia. Ta, ta, ta.

Nikashikwa kwa nyuma. Panga likashuka, nikainua mkono, likanipata chini ya kiwiko. Sikusikia maumivu. Nilisikia harufu yake. Nimemwogesha yule mtoto, ningekosaje kuijua.

Nikapiga ukemi kama nilivyofundishwa. Nikamtaja na Kadzo kwa jina.

Majembe yakanyamaza.

Nikangoja miguu. Nilikuwa nimeshikwa shingo na bado nikangoja miguu. Niliyasikia mahindi yametulia tuli.

Halafu majembe yakaanza tena. Ta, ta, ta.

Hapo ndipo nikashuka, nikageuza kiuno, nikampa Karisa cha uso. Alianguka akashika mdomo. Damu ikapita kwenye vidole. Akanitazama kama alivyokuwa akinitazama alipokuwa mdogo nikimpiga kwa kuiba sukari. Akaacha panga akakimbia.

Nilitembea mwenyewe mpaka barabarani.

Jumanne, 27 Mei

Polisi wameandika. Karisa hajulikani alipo. Wengine wanasema amekwenda Marereni, kwenye mashamba ya chumvi.

Sidi anafurahi kwamba nilimvunja meno. Anawahadithia majirani. Nimemwambia anyamaze. Meno yale niliyaona yakiota. Nilimsugua ufizi kwa kidole changu.

Ijumaa, 13 Juni

Rukia amekuja na maembe. Anataka nikasimame mbele ya wenzangu niwaeleze, wapate moyo. Nimekataa. Akauliza kama nimekasirika. Nimemwambia, mwanangu, kiwiko chako ni cha kweli, usiache kukifundisha. Lakini ulisema mwizi anaogopa watu. Karisa hakuwaogopa. Aliwajua kuliko nilivyowajua mimi.

Msichana wa watu akalia. Ikabidi mimi niliyekatwa ndiye nimbembeleze.

Sidi anasema nikae hapa siku zote. Chumba ninacho, taa ipo, maji yanatoka ukutani. Kutoka asubuhi hadi jioni sina cha kushika. Shambani mahindi yatakauka na hakuna wa kuyavunja.

Jumamosi, 28 Juni

Kadzo amekuja leo.

Sidi alitaka kumfukuza mlangoni. Nikamwambia amuwekee kiti. Amekonda. Amenyoa kichwa chote, piko na mvi vyote vimekwenda. Tukaulizana hali. Nzuri. Watoto. Wazima. Mvua. Imeacha.

Halafu akasema, "Nilisikia, Jumwa."

Nikamsogezea maji.

"Nilikuwa nimeshainuka. Wakaza wana wakanitazama. Ningekuja, kesho yake na mimi naitwa mchawi mwenzako. Nikainama nikalima. Hata sijui nililima nini, magugu au mahindi."

Nimemwelewa. Hilo ndilo linaloniuma. Ningemwona mbaya tu, ningelala usingizi.

Akaniambia sasa anasemwa yeye. Ng'ombe wa mwanawe amekufa na nyumba nzima inamtazama yeye. Anataka nimpeleke kwa mwalimu. Nikamweleza: Jumatano, nyuma ya kanisa, avae kanga ya kufunga vizuri, aseme ametoka kwangu. Nikainuka nikamwonyesha jinsi ya kushuka na kugeuza kiuno. Anageuka kama mlango wenye kutu. Nikamkaripia. Akarudia. Nikamkaripia tena. Mara ya tatu ikawa afadhali.

Akauliza, "Na wewe utakuja? Tujifunze pamoja."

Nikamwambia mkono haujapona.

Mkono umepona.

Alikula, akanawa, akaaga. Mgeni wetu husindikizwa hadi barabarani, tena mtu kama Kadzo tulikuwa tunasindikizana, mimi nampeleka kwake, yeye ananirudisha kwangu, mpaka mume wangu anakasirika. Leo nimemfikisha kizingitini. Alisimama kidogo, akatazama njia, akanitazama mimi, akajifunga kanga akaenda.

Nilibaki hapo mpaka akapinda kwenye duka. Kisha nikaingia ndani nikachambua mchele wa jioni.