Mashine Aliyoichagua Mama Mkwe

Kimandolu, Arusha

Dada yangu Skola,

Shikamoo dada. Kabla sijasema langu niambie: goti la Mama linaendeleaje? Na wewe, kile kifua kimepona, au bado unakohoa kila ukiukaribia moshi wa jikoni? Sisi hapa ni wazima. Baridi imeshuka kutoka mlimani na haina haraka ya kuondoka. Meru wenyewe hatuuoni, umejifunika mawingu tangu wiki iliyopita. Lakini tunakula, tunalala na tunaamka, na Upendo amepanda darasa la tatu, na meno ya mbele yameota makubwa kama ya baba yake.

Najua umeshangaa kupata karatasi badala ya simu. Siku ile niliyokuambia kwamba tumenunua mashine ya kufulia, ulicheka mpaka nikasikia na wengine wanacheka nyuma yako. "Gaudensia amekuwa mzungu! Mikono umempa nani?" Sikukujibu, kwa sababu mwenye jibu alikuwa ameketi mbele yangu anachambua maharage. Halafu simu yenu, dada, mnaiweka sauti ya juu, na jambo lenyewe si la kusikiwa na kila anayepita uani. Hili ni la kwako na la Mama tu. Nilimwomba mwenyewe ruhusa ya kukuandikia, akafikiri kidogo, akasema, "Mwandikie. Naye atazeeka."

Mwenyewe ni mama mkwe wangu. Unamkumbuka, yule mama mfupi wa Kimeru aliyecheza kwenye harusi yetu mpaka kilemba kikadondoka na hakukiokota. Baada ya baba mkwe kufariki alibaki peke yake kule juu kwenye migomba na kahawa yake, na hakutaka kusikia habari za kushuka mjini. Masika haya akateleza kando ya mfereji, akavunjika nyonga. Walimfanyia upasuaji, na alipotoka hospitali mume wangu Elibariki akamleta moja kwa moja kwetu. Anatembea na fimbo. Kuinama hawezi, na kitu kizito hanyanyui.

Tulimpa chumba cha Upendo, tukidhani watalala pamoja, maana wale wawili ni chanda na pete. Baada ya siku chache mtoto akaja jikoni analia. "Bibi hanitaki. Amesema nikalale kwenye kochi." Nikamwuliza Mama mkwe, akasema mtoto anampiga mateke. Nikaamini. Ila nikaanza kuona mengine. Chai ya jioni aliacha, na maji ya kunywa mpaka umshike mkono. Kila asubuhi nikiamka kuwasha jiko namkuta tayari bafuni, mlango umefungwa, maji yanamwagika. Na maji yetu ya asubuhi, dada, ni ya mlimani, yanauma mpaka kwenye mfupa.

Siku moja alikuwa uani anaota jua, nikaingia chumbani kwake kufagia. Nikainua godoro kidogo ili ufagio upite. Chini ya shuka alikuwa ametandika mfuko wa mbolea, ameupasua akaufungua kama mkeka. Na nyuma ya mlango, ndani ya beseni lililofunikwa kanga, kulikuwa na shuka bichi ambalo hakuwa na nguvu ya kulikamua.

Nililirudisha beseni kama nilivyolikuta. Nikatoka, nikamalizia kufagia sebule.

Jioni nilimwambia Elibariki kwamba mama yake hataki kuonekana anafua lakini anafua, na atatuangukia bafuni. Sikumwambia mashuka yana nini. Hilo nililiona ni la mama yake kulisema, akitaka. Yeye akatoa jibu la kiume, la haraka: atafutwe mama wa kuja kufua mara mbili kwa wiki. Tukamwambia Mama wakati wa chakula. Alikiweka kijiko chini.

"Mtu baki ashike nguo zangu?"

"Ni kukusaidia tu, Mama," Elibariki akasema.

"Basi nirudisheni nyumbani. Migomba yangu inanisubiri."

Na hakuwa anatania. Kesho yake nikamkuta amefunga nguo zake kwenye kitenge, fundo limekaa kitandani, yeye kando yake na fimbo mkononi. Kule juu angekaa na nani, dada? Aanguke tena kwenye mfereji ule ule, nani angemsikia? Elibariki alisafiri na watalii wake asubuhi hiyo, maana dereva hasemi hapana msimu wa wageni, akaniacha mimi na lile fundo.

Nikakaa kitandani upande wa pili. Nikamwambia, "Mama, mikono yangu imechoka. Baridi hii nguo hazikauki, Upendo anaenda shule na soksi mbichi. Nataka mashine ya kufulia, lakini mwanao akinunua peke yake ataleta kinachong'aa. Usiondoke kabla hujanisaidia kuchagua."

Alinitazama kwa muda mrefu. Sijui alijua nini. Akasema, "Mashine inakamua?"

"Inakamua mpaka maji yanakwisha."

Akalifungua fundo.

Fedha tulikuwa tumeziweka kwa ajili ya televisheni kubwa. Elibariki aliporudi alikubali kwa shingo upande, na Jumamosi tukaenda mjini sote watatu. Muuzaji alikuwa kijana mchangamfu, maneno kama mvua, na maneno yote akiyamwagia Elibariki: kilo ngapi, inazunguka vipi, rangi gani. Mama hakumsikiliza. Alipita kwenye mashine moja moja kama anayekagua ndama mnadani.

Ya kwanza ilikuwa na mapipa mawili, moja la kufulia na moja la kukamulia. Ndiyo ya bei nafuu, na muuzaji akasema haina matatizo. Mama akauliza, "Nguo zikishalowa nani anazihamisha kutoka huku kwenda huku?"

"Wewe mwenyewe, Bibi."

Akaipita. Ya pili ilikuwa na mlango juu. Muuzaji akaisifu kwamba hata bomba likikauka unajaza kwa ndoo, na kwa hapa kwetu hiyo ni sifa kubwa, mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaipenda. Mama akaegemeza fimbo, akaingiza mkono. Vidole havikufika chini. Akajaribu kujinyoosha, nikaona uso umebadilika kwa maumivu ya nyonga, akautoa mkono taratibu.

"Hii ni ya warefu," akasema.

Ya tatu ilikuwa na mlango wa kioo mbele. Akaomba stuli. Kijana akacheka kidogo, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka, akaileta. Mama akaketi, akafungua mlango, akaingiza mikono yote miwili mpaka viwiko, akaitoa, akafunga. Ukalia "ta!" Akafungua tena, akafunga tena.

"Hii."

"Lakini hiyo, Bibi, inataka maji yenye nguvu," muuzaji akasema. "Tangi lisipokuwa juu itawasumbua."

Mama akamgeukia mwanawe. "Umesikia. Tangi lako lipandishe."

Kwa hiyo usidhani tuliletewa tu na gari tukachomeka. Fundi alijenga mnara wa tofali, tangi likapanda juu. Kisha ukaja ubishi wa mahali pa kuiweka. Elibariki alitaka barazani, ili anayepita njiani aione. Nikakataa. Nikamwambia itakaa bafuni, kwenye ile kona iliyo mkabala na mlango wa mama yake, juu ya jukwaa la tofali mbili, na mlango wa bafu uwe na komeo la ndani. Akauliza kwa nini. Nikamwambia mwenye kufua ni mimi. Hapo nilishinda.

Siku ya kwanza, dada, ungekuwepo! Tuliiwasha, ikajaza maji vizuri, ikazunguka kwa adabu, tukapeana mikono. Ilipofika kwenye kukamua ikaanza kuruka. Ikatoka kwenye jukwaa, ikaelekea mlangoni inanguruma, Elibariki akaikumbatia kama anazuia fahali, anapiga kelele, "Zima! Zima!" Upendo akapanda juu ya kiti. Nikachomoa waya. Kumbe nyuma yake kuna bolti nne wanazofunga kiwandani ili pipa lisicheze safarini, na lazima uzifungue kabla ya kuitumia. Kijitabu kilisema, na hakuna aliyekisoma. Tulipotulia tukasikia sauti. Alikuwa Mama, ameshika ukuta, anacheka mpaka machozi. Tangu aje kwetu sikuwahi kumsikia akicheka.

Baada ya bolti kutoka, imetulia kama mzee kanisani. Nimejifunza pia kwamba sabuni ni kidogo sana. Ukizoea kumimina kama kwenye beseni, povu litakufuata mpaka sebuleni.

Siku ya tatu Mama akaniambia, "Nionyeshe." Maandishi ni ya Kiingereza tena madogo, hayaoni. Nikachukua rangi yangu ya kucha, nyekundu, nikaweka nukta moja kwenye swichi ya kuzungusha, pale pa maji ya moto, na nyingine pale pa kuwashia. "Nyekundu hii ikutane na mshale, kisha bonyeza nyekundu ile." Akarudia mara mbili, akanitoa bafuni.

Asubuhi iliyofuata nikiwa jikoni nikasikia komeo linaingia, kisha maji yanajaa. Nikachukua kisu nikaenda bustanini kukata mboga, na sukumawiki siku hiyo nilizichagua jani kwa jani. Niliporudi mashuka mawili yalikuwa kwenye kamba, meupe, yamevutwa kwenye pembe. Mama alikuwa ameketi chini yake na kikombe cha chai. Chai, dada! Kikombe kizima. Na usiku huo Upendo alirudi kulala chumbani kwa bibi yake, kwenye kigodoro chake mwenyewe.

Ningeweza kuishia hapo, lakini kuna siku ya umeme kukatika.

Ilikuwa mchana, Elibariki yupo nyumbani, amerudi kutoka safari na nguo za vumbi. Mashine ikanyamaza katikati ya kazi, mashuka ndani, mlango umejifunga, maana wakati ina maji haifunguki. Elibariki akagonga mlango wa bafu. "Mama, nifungulie niitazame. Naweza kuufungua kwa bisibisi."

"Iache."

"Maji yatakaa ndani, Mama. Nguo za nani hizo?"

Mimi nilikuwa nimesimama kwenye korido, nikitafuta uongo wa kumsaidia. Nikafungua mdomo niseme ni zangu. Komeo likatoka. Mama akasimama mlangoni na fimbo yake, mfupi vile, akamtazama mwanawe usoni.

"Ni mashuka yangu. Tangu hospitali mkojo hauniambii unapokuja. Sasa umejua."

Uso wa Elibariki ulikuwa wa mtoto aliyepotea sokoni. Kisha akaweka bisibisi mfukoni, akaingia, akaketi sakafuni kando ya ile stuli. Mama naye akaketi. Wakakaa hivyo wakisubiri umeme, na nikawasikia wakizungumza Kimeru. Mara wanataja kahawa, mara jina la baba mkwe. Umeme uliporudi mashine ikaendelea pale ilipoishia. Ilipomaliza nikamsikia Elibariki anasema kwa Kiswahili, "Nitakuanikia, Mama."

"Hutanianikia. Kamba naifikia."

Kilichofuata ni chepesi, na kinanikasirisha kwa wepesi wake. Kwa kuwa sasa lilikuwa limesemwa, Elibariki alimpeleka hospitali. Muuguzi akamwambia ni jambo wanaloliona kila siku, akampa dawa na mazoezi ya kukaza misuli, na kumwambia kujinyima maji ndiko kunakozidisha. Sasa zinapita siku kadhaa mfululizo shuka ni kavu. Mfuko wa mbolea aliutupa mwenyewe.

Habari za kurudi mlimani kwa fundo hazisikiki tena. Ila juzi alisema anapanda kwenda kuangalia kahawa yake na kusali na wenzake, akapelekwa na Elibariki. Tulimtegemea Jumapili jioni peke yake. Akashuka kwenye gari na mwenzake, bibi mwembamba, jirani yake wa siku zote kule juu, amekumbatia furushi kubwa la blanketi lililofungwa kamba ya mgomba. Yule bibi hakunitazama machoni. Alinisalimia huku anatazama chini, na harufu ya lile furushi nikaijua. Mama akamshika mkono.

"Mama Upendo, tuwekee chai," akaniambia. "Mimi namwonyesha mwenzangu nyekundu inapokutana na mshale."

Wakaingia. Komeo likafungwa. Nikiwa nateka maji ya chai nikawasikia kule ndani, kwanza mmoja, halafu wote wawili, wanacheka kama wasichana wa kipaimara.

Basi dada, hayo ndiyo majibu ya kicheko chako, na sina kinyongo. Umsomee Mama yetu mkiwa wawili tu. Na ukiona siku moja amejifungia alfajiri na beseni, usimgongee mlango na maswali. Niandikie mimi.

Msalimie sana Mama na umwambie namuombea hilo goti. Msalimie shemeji, fundi wetu wa kahawa, na kaka Otmari mwalimu, mwambie mjomba asisahau ahadi yake ya baiskeli, Upendo anamkumbusha. Mpe salamu mama mdogo wa kule bondeni aliyenifundisha kusuka. Elibariki anawasalimu wote, na Mama mkwe anasema nikuandikie hivi hivi: ukija Arusha, njoo na nguo chafu.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Gaudensia