Kilo tatu za maharagi na Neema mgongoni

Mweso, Jumatano mchana. Mvua ya asubuhi imekatika lakini mabati bado yanadondosha. Neema amelala, kwa hiyo nina nusu saa, labda.

Naomba msamaha kwa wote mnaofungua ukurasa huu na kukuta maneno yale yale ya zamani. Nimenyamaza tangu watu wapande mahindi, na sasa mahindi yanachomwa barabarani. Wengine mlifikiri tumekimbia vita tena. Hapana, tuko. Nilikuwa nashika simu, naandika mistari miwili, nafuta. Kuna jambo nilikuwa nalikwepa, na kila nilichoandika kilikuwa kinaenda kugonga pale pale.

Leo sina nafasi ya kukwepa. Ijumaa dada yangu Furaha anapanda gari pale Hombo kwenda Bukavu kuninunulia kompyuta. Dukani anakokwenda wanamwekea mbili achague moja, kubwa na ndogo, na mimi Jumapili nilimwandikia achukue ile kubwa.

Nilikosea.

Sijui kama ujumbe ule umefika. Alama kwenye simu imebaki moja tu, ya kijivu, tangu Jumapili. Nikipiga inakata kabla ya kuita. Lakini ukurasa huu Furaha anaufungua hata mtandao ukiwa mwembamba, aliniambia mwenyewe. Ndiyo maana naandika hapa. Nikimaliza napanda kilima na simu mkononi mpaka maneno haya yaende.

Kwa aliye mgeni hapa: mimi nafanya sekretaria. Kibanda cha mbao kando ya barabara, meza moja, imprimante moja ya kuchapishia, paneli ya jua juu ya bati. Mtu anakuja na karatasi yake ya kalamu, mimi naipiga kwa mashine, namrudishia safi. Barua za kuomba kazi, ripoti za wanafunzi walio kwenye staji ya kujifunza kazi, mialiko ya ndoa. Na karatasi za waliokimbia vijiji vyao. Wananiletea cheti cha mtoto, karatasi ya shamba, imelowa, imechanika kwenye mikunjo, naipiga picha na kuiweka ndani ya mashine ili isipotee kabisa. Mashine yenyewe ilizeeka ikafa. Tangu hapo naazima ya jirani siku mbili kwa wiki, siku nyingine kibanda kimefungwa, na wateja wanajifunza njia ya kwingine.

Kwa hiyo Papa Neema na mimi tuliamua kuuza mtamba, ule aliopewa Neema alipozaliwa. Hakuna mwingine. Nikikosea kuchagua, nimekosea.

Ile kubwa ina kioo kipana, ina nguvu, na herufi zake zimepangwa Kifaransa kama nilivyojifunza shuleni. Inabeba kazi ya mialiko yenye maua na picha ya wachumba, kazi ambayo watu wanaipenda kuliko zote. Ndogo imeshatumiwa na mtu mwingine. Pembe moja imechubuka, kioo ni kama daftari, herufi zimepangwa Kiingereza, na mialiko ya maua itaishinda.

Niliuliza watu wanaojua. Prefe, mkuu wa shule, akaniuliza memwari ni ngapi. Kijana anayetengeneza imprimante akaniuliza ni ya mwaka gani. Papa Neema yuko Burungu anachunga ng'ombe wa watu, akatuma neno pamoja na bidoni ya maziwa: "Chukua kubwa. Muteja akiingia, aone kama kitu iko pale."

Nami nikaona ni kweli. Mtu akikuta mashine ndogo anafikiri na kazi ni ndogo. Jumapili baada ya misa nikaandika: kubwa.

Jumatatu nilikuwa naambua maharagi na Koko. Koko ni mama mkwe wangu, sote tunamwita hivyo tangu Neema azaliwe. Nikamsomea ujumbe wa dada kwa sauti, kwa furaha, mambo yote ya kioo na nguvu. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Iko kilo ngapi?"

"Nini, Koko?"

"Ile mashini. Ng'ombe tuliuzisha ilikuwa na miguu yake. Siku ya kukimbia unaifungulia kamba, inakutangulia. Hii yako, nani ataibeba?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Dada alikuwa ameandika na uzito, mimi niliuruka tu nilipokuwa nasoma. Kubwa ni kilo tatu pamoja na chajeri. Ndogo, kilo moja na nusu. Koko akasimama polepole, mkono kwenye goti, akamimina maharagi kwenye kigunia, akaenda kwa jirani mwenye mizani, akarudi.

"Kilo tatu hii. Sasa funga mutoto."

"Koko, watu watanicheka."

"Bacheke. Funga."

Akanipa kikwembe chake mwenyewe. Nikamfunga Neema mgongoni. Sasa ana miaka karibu mitatu, miguu inaning'inia mpaka mapajani kwangu. Kigunia nikakikumbatia mbele.

"Enda mpaka ku mikaritusi ile ya juu, urudi. Kama vile unakimbia. Usitembee kama bibi-harusi."

Sikupita nyumba tatu. Mama Asifiwe, anayekaanga mandazi pale kona, alisimama kabisa na mwiko mkononi.

"Mama Neema! Weye! Ulizala mapasa bila kutuambia?"

Nikamwambia ni kazi ya Koko, aniache.

"Huyu wa mbele ni mupole kuliko Neema! Na anafanana baba yake, tumbo hivi hivi!"

Wanawake wote waliokuwa wanangoja mandazi wakaangua kicheko. Na mimi nikacheka, nikaongeza mwendo. Kwenye tambarare nilijiona ninaweza. Nikawaza, Koko ataona.

Kilima kikaanza, na matope. Kigunia kikawa kinanigonga mbavu kila hatua. Neema aliona mbuzi akataka kuwaona vizuri, akajipinda upande mmoja kwa nguvu zake zote. Kikwembe kikalegea. Nikamsikia anateleza mgongoni, anashuka, mkono wake umeshika shingo yangu.

Mikono yangu ikaachilia maharagi. Sikuiambia. Sikufikiri kitu chochote. Nilishtuka tu naona nimemshika Neema kwa mikono miwili na kigunia kiko kwenye matope kinabingirika.

Nikakaa chini pale pale, mikaritusi bado mbali, nikalia. Neema akanipangusa uso kwa kiganja chenye matope, akafikiri nalilia maharagi.

Furaha, hapa ndipo unapaswa kusoma vizuri. Na nyinyi wengine pia, kwa sababu niliwadanganya.

Siku tulipokimbia mara ya mwisho, niliandika hapa kwamba nilitengana na Neema kwa ajili ya wingi wa watu njiani. Watu walikuwa wengi, hilo ni kweli. Lakini Neema hakuwa mgongoni kwangu. Mashine ndiyo ilikuwa mgongoni kwangu. Ile ya zamani ilikuwa nzito kama jiwe la kusagia, haikubebeka mkononi, nikaifunga. Niliifunga na kikwembe cha Neema. Mtoto nikampa Koko, mwanamke mwenye magoti mabovu, nikasema tutakuwa pamoja, unanifuata nyuma tu.

Siku mbili sikujua mtoto wangu yuko wapi.

Nilimkuta kwenye darasa la shule moja walikolaza watu, amekaa kwenye mapaja ya Koko, anakula kiazi. Hakulia. Aliniangalia, halafu akageuza uso akaulaza kifuani kwa Koko. Sijamwambia mtu jambo hilo mpaka leo.

Na kinachonichoma zaidi, mashine ilifika salama. Ilitulisha miezi yote tuliyokaa ugenini. Akina mama walipata vyeti vya watoto wao ndani yake. Wakanishukuru, wakasema nilifanya vizuri kuibeba. Nikaitika aksanti.

Je, nilifanya vizuri? Kikwembe kile kiko chini ya nguo zangu, kimekunjwa. Sijamfungia Neema tena.

Niliteremka na Neema mikononi, kigunia nikakiacha huko. Koko alikuwa amekaa mlangoni, ameniona tangu mbali.

"Maharagi iko wapi?"

"Niliitupa, Koko."

"Ni vizuri vile."

Nikamwambia yote, jinsi mikono ilivyoachilia, na siku ile, na kikwembe. Nikamwambia nilijua magoti yake yanauma na bado nikampa mtoto. Aliendelea kuambua maharagi.

"Ulizani mi nilisahau?" akasema. "Siku ile nilikuwa bado na magoti. Saa hii sina. Sitakudanganya, Mama Neema. Ukinipa mutoto tena, tutabaki njiani, mi na yeye."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekuambia chumvi imekwisha. Halafu akaenda mwenyewe kupima kilo moja na nusu, akaniwekea kwenye mfuko wa shule wa zamani, mikanda mabegani, mfuko mbele. Neema nyuma.

"Rudi tena. Na ile ingine uichukue wakati wa kushuka, ni chakula ya jioni."

Nikaenda. Mama Asifiwe akapaza sauti: "Wa mbele amekonda! Haumunyonyeshi?" Safari hii Neema alijipinda kwa mbuzi wale wale, nikanyoosha mkono nyuma nikamshika, mkono ulikuwa huru. Nikafika kwenye mikaritusi. Nilihema, lakini nilifika na wote wawili.

Hiyo ilikuwa juzi. Wiki hii familia tatu zimeteremka kutoka milimani na magodoro kichwani. Tukiwauliza wanasema wamekuja tu kusalimia. Hakuna anayekuja kusalimia na godoro. Pengine hakuna kitu, pengine mwezi mzima utapita na tutacheka. Lakini Neema anaongezeka, mwaka kesho atakuwa mzito kuliko leo, na mgongo wangu ni huu huu.

Papa Neema, najua utasoma. Mteja ataingia, ataona kitu kidogo, ataanza kuzoea. Wenye ndoa za maua na picha waende kwa jirani, sitamwonea wivu. Labda kidogo. Mimi nitabaki na barua, ripoti na karatasi za watu. Neno langu ni hilo, usinitumie lingine kwenye bidoni.

Neema amegeuka kitandani, ataamka sasa hivi. Furaha, dada yangu, kama ule ujumbe wa Jumapili ulifika, ufute. Kama umeshamwambia mwenye duka, mwambie mdogo wako ni kigeugeu, nakubali. Haya ndiyo ninayohitaji, na shemeji, mume wako, ayafunge pamoja kabla ya kumpa mtu wa pikipiki pale Walikale ayalete huku:

Mashine ndogo. Ndogo, dada. Wakikuonyesha kioo cha ile nyingine, angalia pembeni.

Chajeri yake, na ule waya wa kuchomeka kwenye batri ya gari, maana hapa tunachaji kwa jua.

Stika za herufi za Kifaransa za kubandika kwenye klavye. Vidole vyangu vimezoea hivyo.

Kle USB mbili, zile ndogo za kuhifadhia kazi. Moja ya kibandani. Nyingine nitaishonea kwenye upindo wa sketi na karatasi za watu ndani yake, ili siku mikono ikiachilia hata hii ndogo, vyeti vya watoto viende na mimi.

Nailoni nzito ya kuifungia, mikunjo miwili. Mvua ya njia ile unaijua wewe kuliko mimi.

Mafuta ya kuchua magoti ya Koko, yale yenye kuwasha. Hakuagiza. Ninaagiza mimi.

Na kikwembe kimoja, kirefu, kigumu, rangi uchague wewe. Si cha mashine. Ni cha Neema.