Mlango wa Babu

Jumamosi, Kinondo

Nilijua tu msumari utapinda. Fundi alikuwa akiuhamishia mlango wa marehemu babu nyumba mpya. Msumari wa kwanza ukapinda, wa pili vilevile.

"Huu ubao wa mbambakofi ama chuma?" akacheka.

Akizidisha nguvu ubao utapasuka, na babu hakutuachia kingine alichokitengeneza kwa mikono yake.

Babu alikuwa akitoboa kwanza kwa keekee, kisha ananipa msumari niupake sabuni. Vumbi la mbao likitupigisha chafya sote wawili.

Nikajilazimisha. "Shikamoo, fundi." Nilikuwa nimeshamwamkia asubuhi! "Tafadhali, toboa kwanza."

"Marahaba. Nani amekufunza, mwanangu?"

Nikakimbilia jikoni kuleta kipande cha sabuni.