Guyo, Ile Tairi ya Meno Nimeitoa

Guyo, jirani yangu,

Salaam aleikum. Usishangae mimi Ekai nimeshika kalamu. Mkono wangu unajua spana zaidi, lakini tangu tukuzike situlii. Nikikaa nasimama, nikisimama natoka mpaka kwa ua, narudi. Sasa nakuandikia, hata kama njia ya kufikisha barua huko sijui.

Mashine yako, ile baiskeli ya ndani, imenyamaza. Nani mwingine angeiweza hapa Isiolo? Watu walikuwa wanasukuma baiskeli kutoka Gotu mpaka kwangu, na wakirudi wamepanda. Lakini hii ilinishinda kwanza. Nakubali, na ni kwako peke yako.

Daktari alisema upige pedali kwa sababu ya sukari. Binti yako akatuma kile chuma cha kushika gurudumu la nyuma, upande baiskeli ndani ya nyumba na isiende popote, tairi inazungusha tu kile kichuma cha mviringo. Mimi nikakupa baiskeli, na tairi mpya ya meno makubwa, ya kushinda miiba yote ya Leparua. Ukacheka. "Ekai, hii haiendi mahali. Mwiba utatoka wapi, chini ya kitanda?" Nikakuambia wewe ni mtu wa mbuzi, baiskeli uwaachie wenyewe.

Na ikalia! Kila asubuhi ukimaliza kuswali, mabati yote inatetemeka kama lori ya ng'ombe inapanda mlima. Nikawa napiga ukuta na kiatu. "Guyo, unasaga mahindi?" Na wewe, pumzi juu juu: "Nasaga sukari, jirani!" Ukaniambia ni tairi. Nikaweka grisi. Ukaniambia tena. Nikaongeza grisi.

Sasa ile asubuhi. Halima wako alikuwa ameenda kuchukua maziwa ya ngamia. Mashine ikaanza, halafu ikanyamaza upesi. Unajua nilifanya nini? Nilimimina chai. Nikasema, leo jirani amenihurumia. Nikatia sukari, nikakoroga. Kutoka kiti changu mpaka mlango wako ni hatua kumi na mbili, Guyo. Nimezipima mara nyingi tangu hapo. Siku hiyo sikupiga hata moja, mpaka Halima aliporudi nikasikia nduru.

Hii sijaambia mtu.

Halima akakaa eda, miezi yake minne na siku kumi, mimi sikukaribia mlango. Alipotoka akaniita. "Shemeji, na mimi wamenipata na sukari. Miguu inakufa ganzi. Wanataka nitembee, na hili goti linakataa. Nitapanda ya marehemu. Lakini mtaa mzima usikie mjane anapiga pedali? Haiwezekani. Inyamazishe, ama uitoe kwangu."

Nikaifungua yote. Beringi nikaosha na mafuta taa. Nati nikakaza. Chini nikatandika mkeka, na ngozi ya mbuzi juu yake. Siku tatu, kelele ni ileile. Halima amesimama mlangoni: "Fundi mkubwa! Ungekuwa mchinjaji, nyama ingeoza." Kisha akasema polepole, "Marehemu alikuwa anasema ni tairi."

Nikamwambia marehemu alikuwa mtu wa mbuzi. Nikatoka kwa ua. Nikakaa, nikasimama.

Nikachukua tairi ya zamani, kipara kabisa, ile kuku wangu alikuwa anatagia ndani yake. Nikaifunga. Nikaipiga pampu mpaka ikawa ngumu kama jiwe. Grisi yangu yote pale kwa kichuma nikapangusa, nikakibana na tairi kiasi tu, isiteleze. Nikazungusha pedali kwa mkono. Ssss. Kama mtu anamimina mchele kwa sufuria. Hiyo tu.

Ulisema kweli. Sitarudia.

Lakini kesho yake nilikaa na chai na sikusikia kitu. Halima yuko juu ya baiskeli ama yuko chini? Chai ikapoa. Nikapiga ukuta na kiatu. "Nini tena?" akajibu. "Si imenyamaza?"

Siku hiyo hiyo nikampelekea kengele ya baiskeli yangu ya kwanza, ile ilikuwa inatawanya mbuzi wako sokoni. "Shemeji, umetoa kelele ukaleta kelele?" Nikamwambia, ukipanda, piga mara moja. Ukishuka, mara mbili. Na mtaa wakiuliza, waambie Ekai anajaribu kengele. Aliniangalia sana. Nafikiri aliona kitu usoni mwangu. Akasema tu, "Nikishuka, mara mbili."

Leo asubuhi ililia mara moja. Nikashika kikombe, sikunywa. Nikangoja. Nikasimama, nikakaa. Ikalia mara mbili. Ndipo nikanywa.

Pumzika, Guyo, jirani yangu. Nakuahidi hivi: siku kengele zile mbili za kushuka zisipolia, hatua kumi na mbili nitazifanya sita, na chai imwagike.

Ni mimi,
Ekai, wa upande huu wa ukuta