Maharage Yasiyo na Nyama

Wifi,

Maharage yamo kwenye sufuria ya kijani. Yapashe kwa moto mdogo, usiongeze maji. Watoto wakirudi wale kwanza, katuni baadaye.

Jana nilisema mbele ya kaka yako kwamba umetia supu ya mifupa kwenye maharage kwa siri, ilhali daktari amemkataza nyama. Ukanijibu, "Ni kitunguu tu, wifi. Mimi si mchawi," ukaenda kufunga begi.

Mimi mtu wa maabara, siamini nisichokipima. Kwa hiyo alfajiri nimepika mwenyewe: maharage yale yale, kitunguu kimoja, nyanya mbili zilizolegea. Kitunguu nimekikaanga nusu saa kwa moto mdogo, kama nilivyokuona ukifanya, mpaka kikawa rangi ya kahawa. Nikamimina maji ya maharage, nikakwangua kilichoganda chini ya sufuria. Jiko zima likanukia nyama. Nyama gani? Hakuna! Miaka kumi na sita ya kupima vimiminika, na sijawahi kuona kitu kama hicho.

Hata hivyo, yangu hayafikii yako. Nimeonja mara tatu kuhakikisha.

~~Kabla hujaondoka, niandikie vipimo vyote, gramu kwa gramu.~~

Usiandike. Usiondoke. Natoka kazini saa kumi. Nitasimama kando ya jiko nitazame mkono wako. Kaka yako nimemwambia kwamba nilikusingizia. Begi nimelifungua, nguo zako zimo kabatini.

Kimebaki kitunguu kimoja. Usikiguse mpaka nifike.

Wifi yako, mdomo mrefu